Kabla Hujabandika Vinia, Jua Rangi ya Jino Lako Ilitoka Wapi

Leo tunazungumza juu ya meno. Jino linalouma tuliache kwanza, maana kila mtu anajua hilo linapelekwa hospitali. Nataka tuzungumzie sura ya meno: rangi yake, mpangilio wake, na hizi vinia ambazo vijana wetu wanaziona kwenye simu asubuhi na jioni.

Vinia ni kigamba chembamba cha kauri au cha resini ambacho daktari wa meno hukibandika mbele ya jino ili lionekane jeupe na lililonyooka. Wasanii wanazo, watangazaji wanazo, na watu wanaojiandaa kwa harusi wanaziulizia. Swali limeshafika kwetu hapa Musoma: je, nikipata hela, nikaweke? Jibu langu lina sehemu mbili, na ninaomba uzisikie zote kabla hujaamua. Ya kwanza, vinia ni kazi halali ya udaktari, na kuna watu ambao kwao ni msaada mkubwa. Ya pili, wengi wanaozitamani huku kwetu wanataka kufunika alama iliyoanzia kwenye maji ya kunywa na kwenye sufuria ya maharage, na wakati wao wanatafuta hela za kufunika, wadogo zao wanaendelea kupata alama ile ile.

Nenda kwenye mahafali yoyote ya kidato cha nne katika mkoa huu wa Mara. Kuna binti ambaye kamera ikielekezwa kwake anabana midomo. Akichekeshwa, kiganja kinapanda mdomoni kabla kicheko hakijatoka. Ukimwangalia kwa karibu, meno yake ni mazima, yamepangika, hayana tundu hata moja. Ila yale mawili ya mbele ya juu yana michirizi myeupe iliyokatiza kwa ulalo, kisha mabaka ya njano, na katikati kahawia iliyokolea. Tangu darasa la pili wenzake wanamwambia hapigi mswaki. Walimu wamemwambia, shangazi zake wamemwambia. Naye anapiga mswaki kuliko wote wanaomsema, anasugua mpaka fizi zinatoka damu, na rangi haitoki. Haitoki kwa sababu haikushika juu ya jino. Jino lilijengwa nayo.

Sasa tulia nikueleze ilivyotokea.

Kuna madini yanaitwa floraidi. Yamo ndani ya miamba, na maji yanayokaa muda mrefu chini ya ardhi huyayeyusha na kuyabeba. Nchi yetu imepitiwa na Bonde la Ufa, ina milima ya volkano na ina miamba mikongwe ya matale. Kwa sababu hiyo mikoa ya Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida na Shinyanga, pamoja na Mara yetu, imo katika orodha ya mikoa ambayo baadhi ya visima vyake vina floraidi kupita kiasi. Angalia vilima vya mawe vinavyoizunguka Musoma. Kisima kirefu kilichochimbwa katika mwamba kinaweza kutoa maji maangavu, baridi, yasiyo na harufu, na bado yakawa na floraidi nyingi. Jicho haliioni, na ulimi hauionji.

Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi kwenye maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ili uelewe udogo wa kiasi hicho, chukua tangi la plastiki la lita 1,000. Floraidi inayoruhusiwa katika tangi zima ni gramu moja na nusu, kiasi kinachokaa kwenye robo ya kijiko cha chai. Kwa miaka mingi nchi yetu iliruhusu kiwango kikubwa zaidi ya hicho kwa maji ya vijijini, kwa kuwa vyanzo vingine vilikuwa vigumu kupatikana, na baadaye kiwango kikashushwa kifike 1.5. Maana yake ni kwamba wapo watu wazima wa leo waliolelewa kwa maji yaliyohesabiwa kuwa sawa wakati ule na ambayo leo hayakubaliki.

Kwa nini inapiga meno? Mama, sikiliza hapa vizuri. Meno ya ukubwani huanza kujengwa ndani ya taya mapema sana. Yale ya mbele yanajengwa mtoto akiwa bado ananyonya na anapojifunza kutembea, na kazi ya kujenga gamba la nje la karibu meno yote huendelea mpaka anapokaribia miaka 8. Floraidi ikizidi katika kipindi hicho, gamba halikomai sawasawa. Linabaki na vitundu vidogo sana ambavyo macho hayavioni. Mtoto akiwa na miaka 6 au 7 jino linachomoza likiwa na weupe wa chaki, na mzazi anadhani ni kawaida. Kisha vile vitundu vinanyonya rangi, kidogo kidogo, na miaka michache baadaye kahawia imetokea.

Ndiyo maana mtu aliyehamia Arusha akiwa na miaka 25, akanywa maji ya huko mpaka uzeeni, meno yake hayabadiliki rangi kwa sababu hiyo. Mtoto wake atakayezaliwa huko ndiye anayeweza kuota meno yenye madoa. Kwa hiyo doa kwenye jino la mtu wa miaka 20 linaeleza alichokunywa na alichokula alipokuwa mtoto mdogo, wakati ambao hakuwa na uchaguzi wowote. Kumcheka kwa hilo ni kumwonea.

Jambo moja wengi hatulijui, nalo linatuhusu sana. Daktari wa meno wa India, China au Mexico anapotaka kusema meno ya mgonjwa yameathiriwa na floraidi kwa kiasi gani, anaweza kutumia kipimo cha ngazi kuanzia 0 mpaka 9 kinachobeba majina ya watafiti wawili wa Denmark, Thylstrup na Fejerskov. Walikichapisha mwaka 1978, na walikijenga kwa kuchunguza meno ya Watanzania waliokulia katika maeneo yenye maji ya floraidi nyingi. Katika eneo mojawapo maji yalikuwa na miligramu 21 kwa lita. Dunia imejifunza kuusoma ugonjwa huu vinywani mwa watoto wetu. Inakuwaje basi mtoto wa hapa hapa akue bila mtu yeyote kumwambia kwamba alichonacho kina jina na kina sababu?

Turudi kwenye vinia, na tuione kazi yenyewe inavyofanyika, kwa sababu kwenye simu unaonyeshwa kabla na baada, katikati hapaonyeshwi.

Gamba la nje la jino linaitwa enameli. Ni kitu kigumu kuliko vyote katika mwili wa binadamu, kinaushinda hata mfupa. Lakini seli zinazoijenga hufa jino linapochomoza. Mfupa ukivunjika huunga, ngozi ikichubuka hurudi, ila enameli ikiondoka haioti tena mpaka unazikwa. Na si nene. Mbele ya jino la juu ina karibu milimita moja, na inazidi kuwa nyembamba karibu na fizi.

Daktari anayefanya kazi yake vizuri huanza kwa kukagua mdomo mzima. Meno yaliyotoboka hutibiwa kwanza, fizi zinazotoka damu hutibiwa kwanza. Halafu anachagua rangi kwa kuweka vipande vya sampuli karibu na jino lako, penye mwanga wa dirisha. Kisha inakuja sehemu isiyoonyeshwa. Ncha ndogo yenye chembe za almasi inazunguka kwa kasi huku maji yakirushwa, na inapunguza uso wa jino. Kwa vinia za kauri, mara nyingi kinachoondolewa ni kati ya milimita 0.3 na 0.7, unene wa ukucha. Ukilinganisha na ile milimita moja, utaona kwamba kinachobaki ni kidogo. Ncha ikipita enameli na kufika dentini, pale penye njia ndogo ndogo zinazoelekea kwenye neva, utaanza kusikia ganzi ukinywa maji ya baridi au chai ya moto.

Meno yakishapunguzwa, daktari anachukua alama yake na kuituma maabara, ambako fundi sanifu wa meno anatengeneza vigamba kimoja kimoja. Siku ya kubandika, jino linapakwa asidi ya fosforiki kwa sekunde chache ili uso wake ukwaruzike kidogo na kushika, linaoshwa, linakaushwa, linapakwa gundi ya resini, kigamba kinawekwa mahali pake, na taa yenye mwanga wa bluu inaigandisha gundi. Ikifanywa na mtu aliyesomea, ni kazi nzuri ya mikono na ninaiheshimu.

Kazi hii ilizaliwa kwenye sinema. Mwaka 1928 daktari wa meno wa California aitwaye Charles Pincus aliwatengenezea waigizaji wa Hollywood vigamba vya kuvaa mbele ya kamera. Wakati ule hapakuwa na gundi ya kudumu. Mwigizaji alivivaa kwa ajili ya kupiga picha, kisha akavivua, na meno yake yalibaki vile vile. Mwaka 1955 Michael Buonocore alionyesha kwamba asidi inaweza kuandaa enameli ishike resini, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 vigamba vya kauri vikaanza kubandikwa moja kwa moja. Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Pambo la kuvaliwa mchana na kuvuliwa jioni likawa sehemu ya mwili.

Na hii sehemu ya mwili ina muda wake. Vinia za kauri zikitunzwa vizuri mara nyingi hudumu miaka 10 mpaka 15, nyingine zaidi. Za resini hudumu pungufu ya hapo, na hupoteza rangi mapema zaidi. Chukua kijana wa miaka 22 anayeweka leo. Akifika miaka 60 atakuwa amezibadilisha mara mbili, labda tatu, na kila mara jino lake mwenyewe linaweza kupungua tena. Bima ya afya kwa kawaida hailipii urembo. Kwa hiyo anayeweka vinia hanunui mara moja, amejiwekea gharama ya maisha yake yote, na ni haki yake kuambiwa hivyo kabla ncha haijagusa jino.

Je, ninasema watu wasiweke? Hapana. Ninasema waanze kutoka chini. Tiba ya meno yenye madoa ya floraidi ina ngazi, na daktari mwaminifu anazipanda moja baada ya nyingine.

Kama madoa ni meupe au njano hafifu na uso wa jino bado ni mzima, kuna njia ya kuusugua kidogo sana kwa dawa maalumu, pale pale kwenye kiti cha daktari, ukaondoka ule utando wa juu wenye rangi. Kuna dawa ya kung'arisha inayotumiwa chini ya uangalizi wake. Kuna resini laini inayopenya kwenye vile vitundu na kufanya doa lisionekane sana. Njia hizi zinagusa jino kidogo tu, na kwa watu wengi zinatosha kabisa kukishusha kile kiganja kutoka mdomoni.

Kama jino limeanza kumeguka na kuacha mashimo madogo, daktari anaweza kulijenga kwa resini ya rangi ya jino, mara nyingi kwa ziara moja. Na kama enameli imeliwa sehemu kubwa, jino limelika na linaendelea kubomoka, hapo vinia au kofia ya jino ni tiba kamili. Inalinda kilichobaki na inampa mtu uso wake. Huyo asicheleweshwe wala asionwe kuwa anajipendekeza. Ila naye ajue kwamba enameli iliyoathiriwa na floraidi haishiki gundi vizuri kama enameli ya kawaida, kwa hiyo amtafute daktari aliyezoea meno ya namna hii. Pa kuanzia ni kitengo cha meno cha hospitali ya rufaa ya mkoa hapa Musoma. Ikibidi atapelekwa Bugando, Mwanza, au Muhimbili.

Ukikaa kwenye kiti cha daktari, muulize maswali manne, na usione haya. Rangi hii imetokana na nini? Kuna njia isiyokata jino, na kama ipo, kwa nini tusianze nayo? Utapunguza kiasi gani, na vinia ikivunjika au kubanduka nitamwona nani? Na la nne, umesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika? Daktari wa kweli atafurahi kuulizwa. Anayekasirika amekujibu tayari.

Ninayasisitiza haya kwa sababu meno mazuri yamekuwa biashara, na penye biashara wapo wasio na uwezo. Uingereza madaktari wa meno wamekuwa wakiwaonya wananchi wao wanaosafiri Uturuki kwa bei nafuu, wakiahidiwa vinia, na wanarudi meno yamechongwa pande zote yamebaki visiki vya kuvikwa kofia. Marekani wapo waliokamatwa kwa kubandika vinia bila leseni yoyote. Kama yanatokea huko, sisi tuwe macho zaidi. Vigamba vinavyouzwa kwenye mtandao ubandike mwenyewe nyumbani, usivikubali. Gundi ya kucha isiingie mdomoni mwako. Na ile tabia ya kusugua meno kwa ndimu ili yang'ae, kijana wangu, iache leo. Ndimu ni asidi. Weupe unaouona baada ya kusugua ni enameli inayoondoka, na nimeshakuambia hairudi.

Sasa nataka tuangalie jambo lililo ndani zaidi, kwa sababu hamu ya kugusa meno ili kupendeza haikuletwa na simu. Mara imekuwa ikigusa meno tangu zamani.

Mwalimu Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922. Alipokuwa mdogo, meno yake ya mbele ya juu yalichongwa yakawa na ncha za pembetatu, kama ilivyokuwa mila ya Wazanaki. Akiwa na meno hayo alisoma hapa Musoma, shule ya Mwisenge, akaenda Tabora, Makerere na Edinburgh. Mwaka 1955 alisimama New York, mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, akadai haki ya Watanganyika kujitawala. Jirani zetu Wajaluo wa Rorya nao walikuwa na mila ya kung'oa meno sita ya mbele ya chini. Kijana aliyeng'olewa alitembea kifua mbele, maana amekuwa mtu mzima miongoni mwa watu wake.

Sizitetei mila hizo. Kuchonga jino ni kuondoa enameli, na kung'oa jino zima ni hasara kubwa zaidi. Ninachotaka ukione ni hiki: kila kizazi kilikuwa na uhakika kwamba namna yake ndiyo uzuri wenyewe, na kila kizazi kililipa kwa meno ya kweli. Halafu dunia ikageuka. Watoto wa waliochongwa hawakutaka kuchongwa. Wajukuu wa waliong'olewa walishangaa. Wazee wakabaki na midomo iliyobeba alama ya wakati uliopita. Hata mwanya, ambao bibi zetu waliuona kuwa neema usoni mwa binti, leo kuna binti anayelipa hela uzibwe, na mwenzake anayelipa uchongwe. Mtindo una umri mfupi kuliko jino. Weupe mkali unaotamaniwa mwaka huu unaweza kuonekana kituko miaka 15 ijayo, na aliyekatwa meno kwa ajili yake atakuwa bado yuko hai, na ana wajukuu.

Na Mwalimu anatufundisha jambo jingine. Waliomsikiliza New York waliondoka na hoja zake, si na meno yake. Binti yangu unayebana midomo kwenye picha, sikuambii maumivu yako ni madogo. Najua kwamba mtu huchekwa, hukataliwa, hunyamaza darasani kwa sababu ya meno. Ninakuambia kwamba hukufanya kosa. Jino lako lenye doa linatafuna, linatamka, na kama umelitunza linaweza kudumu mpaka uzee. Ukiamua kulitibu rangi, amua ukiwa umetulia, ukiwa na elimu, usiamue kwa kukimbia maneno ya watu.

Nimeacha la mwisho lililo kubwa kuliko yote: wadogo zenu. Vinia hata zikiwa nzuri namna gani zinatibu mdomo mmoja. Kisima kinanywesha kijiji kizima.

Kwanza, maji. Maji ya Ziwa Victoria kwa kawaida yana floraidi kidogo kuliko visima virefu vya kwenye mwamba. Kwa hiyo mradi unaosukuma maji ya ziwa kutoka Mugango kwenda Kiabakari na Butiama ni mradi wa maji, na kwa macho yangu ni mradi wa meno pia. Nyumba ambayo bomba halijafika na kisima chake kina floraidi nyingi, maji ya mvua yanafaa kwa mtoto mdogo. Safisha bati, acha mvua ya kwanza ioshe paa, kinga yanayofuata, yachemshe uue vijidudu. Lakini elewa kwamba kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki pale pale sufuriani. Dawa ya klorini nayo haiiondoi. Kinachoweza kuiondoa ni chujio maalumu. Kituo cha utafiti cha Wizara ya Maji kule Ngurdoto, Arusha, kimefanya kazi miaka mingi ya kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kwa joto linalodhibitiwa, na huko Kenya, Jimbo Katoliki la Nakuru limetengeneza machujio ya namna hiyo kwa ajili ya wananchi. Teknolojia hii imefanyiwa kazi na watu wetu.

Pili, magadi. Mama, hapa ninaingia jikoni kwako kwa heshima. Magadi tunayotia kwenye maharage, makande na mlenda ili viive haraka na vilainike yanaweza kuwa na floraidi nyingi mno. Watafiti walikuta watoto wa Kitanzania wenye meno ya madoa katika maeneo ambayo maji yake hayakuwa na tatizo, na magadi yakaonekana kuwa chanzo kikubwa. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji yale, pika kwa maji mapya. Yataiva bila magadi. Na kama watu wazima wa nyumbani hawawezi kuacha ladha yake, chakula cha mtoto wa chini ya miaka 8 kitolewe kwanza kabla hujatia.

Tatu, maziwa ya mama. Hata mama anayekunywa maji yenye floraidi nyingi, inayopita kwenye maziwa yake ni kidogo sana. Mtoto anayenyonya bila kupewa kitu kingine kwa miezi 6 amekingwa kwa njia ambayo hakuna duka linaloiuza. Na dawa ya meno yenye floraidi isitupwe, maana floraidi ndogo inayogusa jino kwa nje inazuia kutoboka. Ila mtoto wa chini ya miaka 3 apakiwe kiasi cha punje ya mchele tu, wa miaka 3 mpaka 6 kiasi cha punje ya njegere, na afundishwe kutema.

Nne, na hapa ninakuachia kazi. Maji yanapimika. Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji mikoani, na hapa Musoma ipo. RUWASA, wakala wa maji vijijini, wanasimamia miradi ya huko. Kila kisima kinachochimbwa kinapaswa kuwa na majibu ya vipimo, na majibu hayo ni mali ya wanaokunywa maji hayo. Kwenye mkutano ujao wa mtaa wako, au mkutano mkuu wa kijiji, inua mkono uulize: floraidi kwenye kisima chetu ni miligramu ngapi kwa lita? Usikubali kujibiwa kwamba maji ni masafi. Omba namba. Ikiwa chini ya 1.5, mshukuru Mungu na uendelee. Ikiwa juu, kijiji kizima kidai chanzo kingine au chujio, na kidai kwa maandishi, jina la mwenyekiti na mhuri vikiwemo.

Tukifanya hivyo mwaka huu, watoto wanaozaliwa sasa watafika darasa la pili bila madoa, na ikifika siku ya mahafali yao hakuna atakayekuwa na sababu ya kufunika mdomo. Walio wakubwa watapata tiba inayowastahili, ngazi kwa ngazi, kutoka kwa watu waliosomea. Hiyo ndiyo kazi yetu sisi wazazi, walimu, wenyeviti na sisi tunaoshika kipaza sauti.